Kosa la pthread halijafa, limebaki kwenye kompyuta za zamani

Naandika kutoka Isecheno, huku pembeni mwa msitu wa Kakamega. Leo tuongee kuhusu kosa ambalo wengi waliojaribu kujenga programu huria kutoka kwenye msimbo wake wanalijua:

undefined reference to `pthread_create'

Maana yake si ngumu. Programu inataka kuanzisha uzi, yaani kazi nyingine inayokwenda sambamba ndani ya programu ileile. Kompaila imeridhika, lakini linka, ile inayounganisha vipande mwishoni, haikuambiwa maktaba ya nyuzi itoke wapi.

Dawa ambayo wengi hupeana ni kuongeza -lpthread. Mara inafanya kazi, mara inagoma, kwa sababu mpangilio una maana. Tangu Ubuntu 11.10 ya mwaka 2011, linka huiacha maktaba iliyotajwa kabla ya faili zinazoihitaji. Ndiyo maana kuiweka kwenye LDFLAGS mara nyingi hakusaidii. Iweke kwenye LIBS:

./configure LIBS="-lpthread"

Ukiita gcc mwenyewe, tumia -pthread bila ile "l". Hiyo inaiarifu kompaila na linka kwa pamoja:

gcc -pthread kuu.c -o kuu

Sasa hoja yangu. Agosti 2021, glibc 2.34 iliingiza maktaba ya nyuzi ndani ya libc yenyewe. Tangu hapo, mwandishi mwenye kompyuta mpya akisahau -pthread, programu yake inajengwa bila lalamiko. Kosa lipo, ila yeye halioni. Anayeliona ni mwenye Ubuntu 20.04 au Debian 11, zenye glibc 2.31. Huku kwetu watu wa namna hiyo wapo: laptopu ni ya mtumba na bando linahesabiwa.

Niliwahi kuripoti jambo hili kwa mradi mmoja. Jibu likawa fupi: sasisha mfumo wako. Jamani! Faili ya kusakinisha Ubuntu 24.04 inazidi GB 5. Mtu apakue GB 5 kwa ajili ya neno moja lililosahauliwa?

Ni kweli, kusasisha ni muhimu kwa usalama. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 uliisha mwaka 2025. Lakini hilo ni suala jingine. Msimbo unaotumia nyuzi useme hivyo waziwazi. Kwa CMake ni mistari miwili tu:

find_package(Threads REQUIRED)
target_link_libraries(kuu PRIVATE Threads::Threads)

Kwenye mfumo mpya mistari hii haidhuru kitu, na kwenye wa zamani inaokoa siku nzima.

Kwa hiyo ukikutana na kosa hili, usiishie kulitibu kwenye mashine yako. Watumie wenye mradi hiyo mistari miwili. Programu ikiitwa huria, basi ijengeke hata kwa yule ambaye hana mashine ya mwaka huu.