Ole Kulet asizikwe mara mbili

Siku ya soko, hapa Loitokitok, nilisimama mbele ya gunia lililotandikwa chini na kupangwa vitabu vikuukuu. Palikuwa na Biblia zilizochakaa, vitabu vya Hisabati na, pembeni kabisa, nakala tatu za riwaya ya Blossoms of the Savannah. Nilipoifunua mojawapo, mama muuzaji alinitahadharisha kwa wema: "Hicho si setibuku tena, mzee. Usije ukamnunulia mtoto ukala hasara." Bei aliyoitaja ilikuwa chini ya ile ya sahani ya githeri.

Maneno yake yamenikera tangu siku hiyo, si kwa sababu mama yule alikosea, bali kwa sababu alisema kweli tupu. Nchini mwetu riwaya huishi kadiri mtihani unavyoiruhusu kuishi. Henry ole Kulet alifariki dunia Februari 2021. Nachelea kwamba sasa tunamzika mara ya pili, na safari hii hakuna matanga.

Wapo vijana ambao hawamjui, kwa hiyo nitamtaja kwa ufupi. Alizaliwa mwaka wa 1946 huko Enkare-Ngusur, Narok. Akiwa kijana wa miaka 25 hivi alichapisha riwaya yake ya kwanza, Is It Possible?, mwaka wa 1971, na mwaka uliofuata akatoa To Become a Man. Wakati huo Mmaasai alikuwa akiandikwa na wengine: watalii, wamishenari, na wapiga picha waliompenda mno moran aliyesimama kwa mguu mmoja. Ole Kulet aliingia nyumbani na kumwandika kijana Mmaasai aliyesimama baina ya boma na darasa, asijue amridhishe nani. Baadaye zikafuata The Hunter, Daughter of Maa, Moran No More, Bandits of Kibi na nyinginezo. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ilimfikia mwaka wa 2009 kwa Blossoms of the Savannah, kisha mwaka wa 2013 kwa Vanishing Herds.

Hesabu hiyo yastahili kutazamwa vyema. Kutoka kitabu cha kwanza hadi tuzo ya kwanza ya Jomo Kenyatta ni miaka 38. Ndipo wenye mamlaka ya mitaala wakaiteua Blossoms of the Savannah kwa mtihani wa kidato cha nne kuanzia mwaka wa 2018, mahali pa riwaya ya marehemu Margaret Ogola, The River and the Source. Ghafla jina la mzee huyo likawa midomoni mwa watoto kutoka Vanga hadi Lodwar. Muda wake ulipokwisha, Fathers of Nations cha Paul Vitta kikashika zamu. Sina ugomvi na Vitta. Zamu ni zamu. Ugomvi wangu ni na desturi inayofanya kitabu kilichotoka kwenye orodha kitoke pia dukani, maktabani na akilini.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Loitokitok kuliko wengine? Riwaya yenyewe yahusu ndugu wawili wa kike, Taiyo na Resian, ambao baba yao, Ole Kaelo, anawahamisha kutoka Nakuru hadi Nasila, mji wa kubuni. Huko wanakabiliwa na kisu cha ngariba na ndoa za kulazimishwa. Resian anaokolewa. Taiyo anahadaiwa, anashikwa na kukeketwa. Nionavyo mimi, umahiri wa mwandishi umo katika kumchora Ole Kaelo, ambaye si jini. Ni mfanyabiashara aliyebanwa na ukoo upande mmoja na tajiri Oloisudori upande wa pili, na anamtoa binti yake kama mtu alipaye deni. Baba wa namna hiyo namjua, na wewe msomaji bila shaka wamjua. (Minik, yule mkombozi wa wasichana, ameumbwa mwema kupita kiasi, lakini kasoro hiyo namsamehe mwandishi.)

Sasa toka Nasila, ushuke nami hadi Kimana, mwendo mfupi kwa matatu kutoka hapa mjini. Huko ndiko alikokulia Nice Nailantei Leng'ete, aliyezaliwa mwaka wa 1991. Akiwa mtoto alitoroka kisu pamoja na dada yake, wakajificha juu ya mti. Alipotoroka tena, dada yake alibaki, akakeketwa. Nice alikuja kuwashawishi wazee wa kwetu, mmoja baada ya mwingine, waiache mila hiyo, na mwaka wa 2018 jarida la Time la Marekani likamtia miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani. Ndugu wawili wa kike, mmoja ameponea, mwingine hakuponea: ole Kulet alikuwa ameyaandika hayo mwaka wa 2008.

Watetezi wa hali ilivyo watasema vita hivi vinakaribia kwisha. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka wa 2011 imepiga marufuku ukeketaji, na kwamba takwimu za kitaifa za wanawake waliokeketwa zilishuka kutoka asilimia 21 mwaka wa 2014 hadi 15 mwaka wa 2022. Lakini sisi tunaoishi mpakani twajua jinsi msichana anavyoweza kuvushwa usiku hadi Tanzania, akarudi baada ya mwezi mmoja akiwa kimya. Sheria yenyewe imetaja kosa hilo la kuvusha mipaka. Watungaji wake hawakuwa wakiota ndoto.

Askari hawezi kukaa katika kila boma. Kitabu chaweza, iwapo kipo. Sijapata kuona maktaba yoyote huku kwetu iliyojaza rafu moja tu kwa kazi za ole Kulet. Aliandika kwa Kiingereza, na katika maduka ya hapa mjini sijaona hata nakala moja ya riwaya zake kwa Kiswahili au Kimaasai, lugha ambazo akina nyanya wanaoandaa sherehe hizo wangeweza kusomewa na wajukuu wao. Serikali ya kaunti ya Kajiado hutoa basari kila mwaka. Kununua nakala chache kwa kila shule ya upili hakungeifilisi.

Tena wakati ni huu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mtihani wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 utafanywa mwaka wa 2027. Vitabu vinateuliwa upya. Wateuzi wakiona Blossoms of the Savannah imekwisha kula zamu yake, basi waitazame Vanishing Herds, hadithi ya Kedoki na Norpisia wakihangaika na mifugo yao katika nchi iliyoharibiwa misitu. Aliyeona mizoga ya ng'ombe katika tambarare za Amboseli katika ukame wa mwaka wa 2022 hatahitaji mwongozo wa mwalimu kuielewa.

Nilinunua nakala zote tatu. Mama alicheka, akanifungia kwa gazeti. Mbili nimezipeleka shule moja ya wasichana, na ya tatu anayo binti ya ndugu yangu aliye kidato cha tatu. Juzi aliniuliza kama Nasila iko upande wa Rombo au wa Entonet.