Sauti zilizowekwa "kwa muda" Ubelgiji

Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi anayeishi Berlin na kujiita KMRU, hachoki kutoa albamu. Mwaka 2020 peke yake alitoa Peel, Opaquer na Jar, na tangu hapo kazi mpya hazijakatika. Jina ni la babu yake, mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018, lakini muziki ni mwingine kabisa. Hakuna gitaa, hakuna sebene. Ni mvumo mrefu wa kompyuta unaopanda na kushuka polepole, na asiyeuzoea anaweza kudhani redio imeharibika.

Albamu yake moja inawahusu watu wa Tanganyika: Temporary Stored ya 2022, maana yake "imehifadhiwa kwa muda". Aliitengeneza kwa kutumia rekodi za zamani zilizo katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, huko Tervuren karibu na Brussels. Nyumba hiyo ilizaliwa na maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili ya 1897, ambapo Wakongo 267 walipelekwa kutazamwa kama wanyama, na saba wakafia huko.

Moba wana deni lao na Wabelgiji. Desemba 1884 Émile Storms, afisa Mbelgiji mwenye kituo Mpala, alituma watu wakamuua chifu Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lilipelekwa Ubelgiji. Sanamu ya mababu wa chifu huyo imo Tervuren.

Sasa albamu yenyewe ikoje? Nusu ni nzuri, nusu inachosha. Pale sauti za watu au mlio wa ngoma unapojitokeza, msikilizaji anakaa wima: huyo ni mtu aliyeishi, aliyevuta pumzi mbele ya chombo cha mgeni. Halafu mvumo unarudi na kumfunika. Wenye kuusifu muziki wa namna hii watasema kufunika huko ndiko maana yenyewe, kwamba sauti zimezikwa kule makumbushoni na msanii anaonyesha kaburi. Hoja ina uzito. Lakini mtu aliyefunikwa miaka mingi na Mbelgiji, je, ni lazima Mkenya naye amfunike tena, dakika baada ya dakika?

Na kuna jambo la kuchekesha kidogo. Ukiicheza albamu hii kwa spika ndogo ya simu, ile mivumo ya chini karibu yote inapotea, kwa sababu spika hizo haziwezi kuitoa. Kinachobaki ni vipande vya juu, na humo ndimo zimo sauti za watu. Simu ya bei rahisi inaisahihisha kazi ya msanii!

Familia zilizokimbia Nyunzu na Manono wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba zinaelewa habari hii kuliko wakosoaji wa Ulaya. Wageni wamepita kambini na vinasa sauti, wakauliza, wakarekodi kilio na wimbo, wakaondoka. Ni wangapi waliorudi kumsikilizisha mama aliyesema? Kuhifadhiwa "kwa muda" si neno geni kwa mtu anayelala chini ya turubai tangu 2017.

Kwa hiyo KMRU asilaumiwe sana. Amefungua mlango ambao wengi hawakujua upo, na neno alilolichagua kuwa jina la albamu linauma kuliko muziki wake. Lawama iende kwa wenye ghala. Juni 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, tena kwa mkopo. Kinyago ni kimoja, kikitoka kule pengo linabaki. Sauti si hivyo. Rekodi ikinakiliwa, ya kwao inabaki palepale, na nakala inaingia kwenye flashi moja ya mfukoni.

Basi nakala za rekodi zilizochukuliwa kandokando ya ziwa ziletwe Kalemie, bila mvumo juu yake, zipigwe redioni jioni watu wakiwa nyumbani. Wapo wazee Watabwa, Waholoholo, Waluba na Watwa wanaoweza kusema huyu anaimba nini, na pengine ni mtoto wa nani. Wengi wao wamepita miaka themanini.