Watachoka Anatafuta Nyumba

Hapa Mbau kuna mbwa anaitwa Watachoka. Jina hilo alipewa na mwenye nyumba mmoja aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na majirani zake, kwa ile desturi yetu ya kumtuma mbwa apeleke ujumbe ambao mdomo unaogopa kuufikisha. Kila jioni ilikuwa kumwita kwa sauti ya juu, "Watachoka! Watachoka, njoo ule!", na aliyehusika upande wa pili wa ua alisikia vizuri. Majirani hawakuchoka. Walikimbia. Mwenye nyumba naye akakimbia, siku ileile na kwa njia ileile, na habari nilizopata ni kwamba sasa wote wanalala chini ya bati moja huko Oicha, na mambo ya mpaka hayatajwi tena. Aliyebaki ni mbwa. Analala mbele ya mlango uliofungwa kwa waya, pua imekuwa nyeupe kama iliyochovywa kwenye unga wa muhogo, na bado anabweka mtu akikaribia mikakao ya bwana wake.

Ninaandika kumwombea nyumba, yeye na wazee wenzake waliobaki kwenye baraza za nyumba tupu za kwetu.

Mtu wa Beni hahitaji kuelezwa Mbau iko wapi: kilomita kama 20 kaskazini, kwenye barabara ya kitaifa namba 4, pale njia ya Kamango inapochepuka kuelekea mashariki. Wala hahitaji kukumbushwa mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 na yote yaliyofuata. Tangu wakati huo watu wa barabara hii wamehama, wakarudi, wakahama tena, mpaka wengine wameacha kufungua mizigo. Umekuja utawala wa kijeshi mwezi wa Mei 2021, zimekuja operesheni za pamoja na jeshi la Uganda mwishoni mwa mwaka uleule, na bado kuna usiku ambao kijiji kizima kinaingia barabarani. Saa hiyo kila mtu hubeba anachoweza. Godoro juu ya kichwa, sufuria, mtoto mgongoni, kuku wawili waliofungwa miguu. Mbuzi atauzwa njiani kwa bei ya machozi. Mtoto wa mbwa atatiwa kikapuni kwa sababu watoto wanamlilia. Mbwa mwenye nguvu atakimbia nyuma ya pikipiki hata afike. Mbwa mzee atakimbia kilomita mbili, tatu, atasimama, atahema, atageuka na kurudi nyumbani. Ndiyo maana ukipita leo kwenye vijiji vilivyohamwa, karibu kila mbwa unayemkuta ana mvi.

Sasa namsikia mtu akiniuliza: watu wanauawa kwa mapanga, wewe unatuletea habari za mbwa? Swali ni la haki, nami nimejiuliza hivyohivyo nikiwa na sahani ya ukoko mkononi. Simwombi mtu apunguze kijiko cha mhami ampe mbwa. Mbwa mzee anakula kinachobaki chini ya sufuria. Tena ni wahami wenyewe walionituma, ingawa hawajui. Kaa nao jioni ukitoka Mbau, utaona maswali yanavyopangwa: kwanza bibi aliyekataa kuondoka, halafu shamba, kwamba kakao imevunwa na nani. Mwisho kabisa, sauti ikishuka kama ya mtu anayeona aibu: "Na yule imbwa yangu, mulimuona?" Mwanaume aliyeuliza swali hilo mbele yangu alikuwa amezika ndugu wawili. Sikuona kwamba swali lake la mwisho lilipunguza uzito wa lile la kwanza.

Nairobi wana makazi ya wanyama ambako mtu huingia, akazunguka, akachagua mbwa wa kwenda naye nyumbani. Rumangabo, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2011 kufunza mbwa wa kunusa nyayo za majangili, wenye mabanda yao na walezi wao. Sisi wa Mbau hatuna banda. Lakini tuna kitu ambacho miji mingi haina, nacho ni ufundi wa kupokea. Wakati wageni wa mashirika walipokuwa bado wanahesabu mahema, mama zetu wa Beni, Oicha na Butembo walikuwa wameshaingiza watu kumi na wawili kwenye chumba cha watu wanne. Kwenye ripoti waliandikwa "familia pokezi". Sisi tulisema tu watu wa kwetu wamefika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kweli wageni wetu walipewa jembe, wakalima, wakala. Ninachoomba ni familia pokezi kwa mbwa. Na huyu hata jembe hana haja ya kupewa. Jioni ya kwanza atazunguka parsele yako, atanusa kila kona, ataamua mwenyewe ni wapi mwizi anaweza kupita, na atalala hapo.

Wengi wakisikia habari ya kufuga, wanataka kitoto. Nawaelewa, kitoto ni kizuri. Lakini kitoto kitatafuna sandali za baba, kitavuta nguo kwenye kamba, kitafukuza vifaranga vya jirani, na fidia utalipa wewe. Mzee alishayamaliza hayo yote kwa jirani wa zamani. Anajua kuku si wake. Anatofautisha hatua za mtu wa nyumbani na hatua za mgeni. Wanasema utu uzima dawa, na sioni kwa nini dawa hiyo iishie kwa watu. Watachoka hubweka mara tatu, hunyamaza, husikiliza. Waliowahi kulala porini na watoto wanajua thamani ya mbwa anayejua kunyamaza, na wanajua pia yaliyompata mbwa mdogo aliyebweka saa mbaya. Hapo sitaandika zaidi.

Kuhusu kubweka, niseme jambo moja nje ya njia. Kule kwenye msitu wa Ituri, mbwa wa Bambuti, wale wekundu wenye masikio wima na mkia uliojikunja, hawabweki kama wengine, ndiyo maana wawindaji huwavalisha kengele ya mti ili wajue wamefika wapi. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliwachukua kutoka Kongo wakawazalisha kwao, na mpaka leo wanaitwa Basenji, yaani jina lilelile la dharau ambalo wakubwa wa enzi hizo walimwitia mtu wa porini. Huko Ulaya anatembea na cheti cha ukoo na mkufu shingoni. Binamu yake hapa kwetu anarushiwa jiwe kila akipita sokoni. (Na najua wako wanaomtazama mbwa wakaona mboga. Hao siwaandikii, ila niwaambie kwamba huyu wa kwetu ni mzee, hataiva.)

Kuna habari nyingine inayostahili kusikika hapa, ya Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mji ule ulipitia vita vya waasi wa LRA karibu miaka ishirini, vita ambavyo baadaye vilivuka na kuwachoma ndugu zetu wa Dungu. Kijana mmoja wa huko, Francis Okello Oloya, alipoteza macho akiwa na miaka 12, bomu lilipolipuka shambani walipokuwa wakilima. Shuleni, alipotoka bwenini usiku kwenda chooni, mbwa wa pale walizoea kumsindikiza. Hakuna aliyewafundisha. Alipokua alianzisha mradi wa kuwakutanisha manusura wa vita na mbwa waliookotwa mitaani: mbwa anachanjwa na kutibiwa, mtu anafundishwa kumlea, na wawili hao wanaenda kuishi pamoja. Walioshindwa kulala kwa miaka wamepata wa kulala karibu nao. Waliokimbia watu wamelazimika kutoka nje, maana mbwa anataka kutembezwa. Nilipoisikia habari hiyo nilimfikiria mama mmoja wa hapa ambaye tangu usiku wa kukimbia hawezi kukaa akiupa mlango mgongo. Mbwa anayelala kizingitini angempa ruhusa ya kugeuka.

Wakristo wenzangu wanaosoma kitabu cha Tobiti watakumbuka kijana Tobia aliposafiri na malaika: mbwa alikwenda nao, na waliporudi alirudi nao. Mwandishi hakujisumbua kueleza mbwa alifanya kazi gani njiani. Ile pia ilikuwa familia ya wahami, ikiishi Ninawi, mbali na kwao. Nao majirani zetu Waislamu wana simulizi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe.

Sasa yale ya lazima. Kichaa cha mbwa kipo, kinaua, na dalili zikishatokea kwa mtu hakuna hospitali itakayomrudisha. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Mbwa aliyeachwa hana karatasi yoyote, kwa hiyo mhesabu kuwa hajachanjwa. Kabla hajalala kwako, mpeleke kwa veterineri achomwe sindano, na irudiwe kila mwaka. Majuma ya mwanzo afungwe mahali ambapo watoto hawamchezei, umtazame: akibadilika tabia, akishindwa kumeza, akianza kuuma vitu ovyo, usimguse, mwite mtaalamu. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kwa hiyo kila mzee wa Mbau anayepata nyumba na sindano analinda watoto wa mtaa mzima, wakiwemo wa jirani asiyependa mbwa.

Meno ya mzee yameisha. Bugali ulowekwe kwenye maji ya maharage au ya samaki. Kichwa cha samaki wa Vitshumbi kikichemshwa mpaka kilainike ni sikukuu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama vijiti na kumchoma ndani. Na kitu kimoja ambacho watu wa huku tunakisahau kwa sababu tumekizoea: kakao ni sumu kwa mbwa. Zile mbegu zinazoanikwa kwenye turubai mbele ya nyumba zina kitu ambacho mwili wa mbwa hauwezi kukiondoa haraka. Akila za kutosha atatapika, atatetemeka, moyo utamwenda mbio, na anaweza kufa. Mbwa aliyelinda mikakao maisha yake yote hajui hilo. Mfunge mbali na turubai.

Macho yake yakiwa na ukungu wa bluu usidhani ni kipofu. Wengi bado wanaona. Masikio ndiyo hutangulia kwenda. Usimshtue akiwa amelala, piga mguu chini kwanza ili asikie mtikisiko. Akikataa kula siku mbili za mwanzo, mvumilie. Na usimfungue mapema. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na mbwa hata akiwa na miguu mibovu atajaribu kurejea: nimemwona mmoja aliyepelekwa Oicha akiwa hapa Mbau asubuhi ya siku ya nne, amelala mbele ya mlango uleule, nyayo zimechubuka. Kamba iwe ndefu, iwe ya kitambaa au ya katani. Waya humkata shingo. Kila jioni mzungushe parsele yote, taratibu, mpaka aione kuwa ni kazi yake.

Na wenye mbwa wakirudi? Watarudi, tunaomba kila siku warudi. Hapo muongee kama watu. Wengine watamtaka. Wengine, wakimwona amenenepa, watasema mubaki naye, ila wapitepite kumsalimia. Nawaomba tu muandike mahali jina lake na jina la kijiji alikotoka, ili siku hiyo asiwe mbwa wa kubahatisha. Wala jina lake msimbadilishie. Kwa umri huu ndilo kitu pekee alichobaki nacho cha nyumbani. Kama jina ni tusi kwa majirani, waelezeni majirani wapya kwamba halikutungwa kwa ajili yao.

Anayetaka kumpokea mmoja amwambie chefu wa mtaa wake, au veterineri, au mzee wa kanisa anayekuja huku; sisi wa Mbau tutapata habari. Njoo mchana, mapema, na uulize kwanza kama barabara ni salama siku hiyo. Njoo na kamba, na tenga kubwa la kufunga nyuma ya pikipiki. Ukifika kwa Watachoka, chuchumaa mbali kidogo, usimtazame machoni, liite jina lake kama anavyoitwa mtu aje kula. Atakuja kwa kuchelewa, maana mguu wa nyuma unamsumbua. Motari atakudai bei ya abiria wa pili. Bishana naye, mimi huwa wananikubalia nusu.