Ngao si ya Bwana peke yake

Ukitaja ngao hapa Tanga, akili za vijana wengi zinakimbilia Mkwakwani. Agosti 13, 2023 Simba na Yanga walitoka suluhu pale wakigombea Ngao ya Jamii, Simba wakaibeba kwa penalti 3-1. Mimi leo nina ngao nyingine. Ni ya mbao, imetengenezwa uani kwetu Ngamiani na mpwa wangu wa miaka kumi. Na ni binti.

Chanzo ni sinema za wapiganaji wa Ulaya ya kale, wale wanaovaa chuma mwili mzima na kupanda farasi. Watoto wa kiume wa mtaani walijichongea panga za mbao, yeye wakamwambia awe binti mfalme, akae kwenye ngazi asubiri kuokolewa. Mtoto akasusa. Akanifuata: "Mjomba, mimi nataka ngao."

Tukamwendea kaka yangu mkubwa, fundi seremala. Kipande cha plaiwudi akatoa, msumeno akaukalia. "Mtoto wa kike na msumeno wapi na wapi? Atajikata vidole. Nitamtengenezea mwenyewe." Mama yetu alikuwa pembeni anachambua mchele. Akainua uso: "Kila siku anakata samaki kwa kisu, anakuna nazi kwenye mbuzi. Vidole vyake umeviona leo?"

Kaka kimya. Msumeno ukatoka.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Unakunja gazeti katikati (hili hili, ukishalisoma), unachora nusu ya ngao, unakata, unalikunjua. Pande zote mbili zinalingana. Binti akalilaza juu ya plaiwudi, akachora kwa penseli, kaka akamshikia ubao, yeye akakata taratibu mpaka mwisho. Kisha msasa.

Wale wa Ulaya ya kale hawakutumia mbao nene, maana ngao nzito inachosha mkono. Walitumia mbao nyembamba, wakazivika ngozi au kitani ili zisipasuke ovyo. Sisi Tanga tuna katani, zao aliloleta Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai miche 62 tu. Mama akatoa gunia kuukuu la katani, tukalibandika kwa gundi ya mbao na kulikandamiza kwa mawe usiku kucha. Nyuma tukapitisha kamba mbili: moja ya kuingiza mkono, nyingine ya kushika. Katikati yake kipande cha kanga kilichokunjwa, mkono usichubuke.

Ikabaki picha. Wenzetu walipenda kuchora simba na tai. Kaka ni Yanga damu, simba akapigwa marufuku hapo hapo. Binti akachora silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mamilioni ya miaka, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu ana hifadhi yake ya bahari tangu 2009.

Sasa wasomaji, tazameni ile Ngao ya Taifa kwenye pasipoti. Bwana na Bibi wamesimama, kila mmoja upande wake. Ndani ya ngao kuna mkuki, shoka na jembe, na hakuna palipoandikwa kuwa shoka ni la Bwana.

Lakini majumbani mwetu mambo ni mengine. Binti wa miaka saba anapewa kisu, hakuna anayeuliza habari za vidole. Akiomba msumeno, ghafla ukoo mzima unamwonea huruma. Huruma gani hiyo? Kisu chake kinatupa sisi mchuzi. Msumeno ungempa yeye ufundi, na ufundi ni ugali wa kesho. Wangapi hapa mjini wamemaliza shule, vyeti viko kabatini, na msumari hawajui kuupigilia?

Ngao ilipigwa panga jioni nzima, ikapata ufa pembeni. Binti akauziba mwenyewe kwa gundi. Siku ya pili wale wavulana wakaja kumwomba awatengenezee na wao. Akawaambia waje na mbao zao.

Kama una mdogo wako wa kike nyumbani, Jumamosi hii mpe msumeno, wewe ushike ubao. Tukutane wiki ijayo.