Kadi ya Mjapani usiitie mfuko wa nyuma

Je, msomaji, umewahi kupewa kadi ya biashara ukaitupia jicho mara moja, ukaisukuma katika mfuko wa nyuma wa suruali na kuendelea na mazungumzo? Hapa Nairobi hakuna atakayekulaumu. Lakini aliyekupa akiwa Mjapani, umeketi juu ya jina lake naye anakutazama. Hatakukemea, la hasha. Atatabasamu na kukushukuru, na huenda barua yako ya pili isijibiwe.

Usidhani watu hawa wako mbali nawe. Magari mengi yaliyotumika yanayoteremshwa Mombasa hutoka kwao, na Agosti 2016 mkutano wa TICAD, wa Japani na nchi za Afrika, ulifanyika papa hapa Nairobi.

Kwao kadi, waiitayo meishi, ni kama uso wa mwenyewe. Hutolewa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea anayepokea, huku mtu akitaja kampuni yake na jina lake. Mdogo wa cheo, au aliyekuja kuuza, ndiye hutangulia. Nawe ipokee kwa mikono miwili, inama kidogo, kisha uisome. Isome kweli! Humo ndimo utakamojua cheo cha mtu, na cheo ndicho kitakachokuonyesha uiname kiasi gani. Mkiketi, iweke mezani mbele yako. Wakiwa wengi, zipange kadi kwa jinsi walivyoketi. Kuandika nambari ya simu juu yake, mwenyewe akiona, ni sawa na kumchora usoni.

Na mkono je? Wengi wao wakikutana na wageni hunyoosha mkono. Ukinyooshewa, upokee bila kuufinya. Ila usiinamie na kushikana mikono kwa pamoja, mkagongana vichwa!

Najua kuna kijana anayecheka. Hebu na ajaribu kumpita mzee wa Pwani bila "Shikamoo", au kumsalimu mzee wa bara kwa mkono mmoja huku mwingine umo mfukoni, ndipo aende kumwomba mkopo.

Ikiwa huna kadi, omba radhi, taja jina lako na kampuni yako polepole, kisha umpelekee baadaye. Kuchana karatasi ya daftari na kuandika jina hapo hapo si dawa.