Nakawa Nayo Ina Mila

Wako wenzetu wasemao kwamba historia ya Kampala imo Mengo na Kasubi tu, na Nakawa hakuna mila. Mimi nakataa. Baada ya vita vya 1939–45 serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi Nakawa na Naguru. Waganda, Wajaluo, Waluhya na Waacholi wakakaa mlango kwa mlango. Alipokufa mtu, majirani walichanga nyumba kwa nyumba ili maiti apelekwe kwao. Je, hiyo si mila?

Nyumba zile zilibomolewa mwaka 2011. Nilikuwa mtoto mdogo. Namkumbuka bibi ameketi juu ya godoro kando ya njia. Majirani wametawanyika. Kila likizo bibi hunitajia majina yao, nami nayaandika daftarini. Tumefika nyumba ya kumi na moja.