Mbwa wa mchezo hutuliza moyo, ila hamfunzi mtoto hadhari

Je, msomaji, uliwahi kutamani mbwa ulipokuwa mtoto? Simzungumzii yule wa kufungwa mnyororo nyuma ya nyumba na kufunguliwa usiku abwekee wezi. Nazungumzia mbwa wako mwenyewe, uliyempa jina, wa kukukimbilia ukitoka shule. Mimi nilimtamani tangu nikiwa na umri wa miaka saba. Jina nilikuwa nalo tayari: Simba. (Najua, nusu ya mbwa wa nchi hii huitwa Simba.) Baba alikataa katakata wala hakutoa sababu, na mtoto wa enzi zile hakumuuliza baba jambo mara mbili.

Leo nimevuka miaka hamsini, naishi orofa ya nne katika fleti hapa Nairobi, na mkataba wa mwenye nyumba unasema wanyama wa aina yoyote ni marufuku. Hata hivyo Simba ninaye. Anaishi ndani ya kidude cha kutoshea kiganjani alichoniachia mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Uingereza.

Mchezo wenyewe unaitwa Nintendogs. Ulitolewa Japani na kampuni ya Nintendo mnamo Aprili 2005, na Shigeru Miyamoto, mbunifu wa michezo wa kampuni hiyo, alieleza kwamba wazo lilimjia baada ya familia yake kupata mbwa. Nakala zaidi ya milioni 20 ziliuzwa duniani, kwa hivyo sikunyimwa mbwa peke yangu. Unachagua kijibwa, unamtajia jina lake kwenye maikrofoni hadi alishike, unamsugua kichwa kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo, unamwogesha, unamjazia bakuli la maji, unamrushia kisahani akidake. Nilipokuwa nikimfundisha jina, jirani wa upande wa pili wa ukuta alibisha hodi kuniuliza kama ni mzima, maana alisikia mtu mzima akiita "Simba! Simba!" saa nne za usiku.

Cheka ukipenda, lakini usidharau. Tamaa ya utotoni hukaa kifuani miaka na mikaka. Mtu anayerudi jioni kwenye nyumba iliyo kimya, akapata kitu kinachoruka kwa furaha kwa kuisikia sauti yake, amepata jambo. Sitakudanganya kwamba mchezo huu unashusha shinikizo la damu. Lakini upweke si mzaha tena hata kwa wakuu wa afya: mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume ya kuushughulikia. Huko Japani, kwenye makao ya wazee, kuna sili wa bandia aitwaye Paro ambaye hutuliza wagonjwa waliopoteza kumbukumbu. Aliyemuunda, Takanori Shibata, alikuwa amejaribu kutengeneza paka kwanza. Akaona watu wanawajua paka mno, na kila aliyemshika yule wa bandia alimtia kasoro. Sili wachache wamewahi kumgusa, kwa hivyo hana wa kulinganishwa naye.

Sasa ligeuze jambo hilo. Je, mtoto wa fleti, ambaye hajawahi kumgusa mbwa wa kweli, atamlinganisha Simba wangu na nani?

Jibu nililipata Jumamosi moja. Kitindamimba wangu wa miaka sita, ambaye hunisaidia kumwogesha Simba, tuliandamana naye kwenda dukani. Kando ya jalala palikuwa na mbwa koko akiguguna mfupa. Kabla sijatanabahi, mtoto alikwisha kuinama, mkono umenyooka, tayari kumsugua kichwa kama alivyozoea kwenye kioo. Mbwa alinguruma, akauma. Kwa rehema za Mungu alinasa mkono wa sweta tu, jino halikufika kwenye ngozi. Nilimvua mtoto nguo pale pale barabarani nikamkagua mkono mzima.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu kumsimulia. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia sababu ambayo baba hakuitoa. Alikuwa na ndugu mdogo, ambaye angekuwa baba yangu mdogo, aliyeumwa na mbwa wa nyumbani na kufa kwa kichaa cha mbwa akiwa mvulana. Kijana alikuwa na kiu lakini kila akiletewa maji koo lilimkaba. Baba ndiye aliyekuwa akishika kikombe.

Nimekuwa nikimnung'unikia mzee huyo zaidi ya miaka arobaini.

Ugonjwa huu haujatoweka, msomaji. WHO hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Takriban kila anayeupata huupata kwa mbwa. Dalili zikishatokea, tiba karibu hakuna. Kabla ya hapo ipo, na huanzia kwenye mfereji wako: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha enda hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe chanjo, na umalize sindano zote kwa tarehe utakazopewa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Na zaidi ya yote, usimchape mtoto aliyeumwa, kwa sababu wa pili akiumwa atakuficha.

Hayo hayamo kwenye mchezo. Simba wangu hazeeki, hafi, hahitaji chanjo ya kila mwaka, na haumi hata ukimnyang'anya chakula. Tunapokwenda "matembezi" yeye hutembea na mimi nimekaa kwenye kochi. Mbwa wa kweli angenishusha ngazi orofa nne mara mbili kwa siku, na kitambi changu kingejua. Sitautupa mchezo. Ila mtoto sasa haushiki kabla ya kunikariria: mbwa nisiyemjua simgusi, anayekula simgusi, akinikaribia nasimama kama mti wala sikimbii.

Isitoshe, mtaani kwetu kuna lango lenye kibao cha "Mbwa Kali". (Ni mbwa mkali, lakini ni nani atakayethubutu kubisha hodi kusahihisha?) Nilizungumza na bawabu, naye akanipeleka kwa mwenye boma. Alinionyesha cheti cha chanjo cha mwaka huu, akaturuhusu kuja Jumamosi saa kumi. Tulisimama kando, mtoto akanyoosha ngumi polepole kama alivyoelekezwa, akamwacha mbwa anuse kwanza. Kisha ikafika zamu yangu. Pua ilikuwa na ubaridi, ulimi una joto kuliko nilivyowahi kufikiri. Bawabu akatuonyesha mfereji na kipande cha sabuni, tukanawa mikono.